Bloki ya Mlangoni

Tuliivua injini ya kigari cha Bi Mwanaisha
mimi na Mbwana, kwa mikono tu, bila winchi.
Nyepesi kama sufuria, nikasema.
Si sufuria hiyo, akajibu mjomba Shaame,
wala hakuinua kichwa.

Yeye ana lori lake la kokoto, chuma cha kusubu,
limechemka mara ngapi mwinuko wa Mfikiwa,
likatiwa maji ya kisima, likapumua, likenda.
Hii ilichemka mara moja,
njia ya Konde, rejeta kavu, harusi inangoja:
uso wa bloki ukapinda unene wa karatasi,
na karatasi hiyo ikatosha.

Nikamkumbusha bei ya dizeli.
Mzigo, akasema, hubebwa na mzito.
Na mzito, mjomba, habebwi na nani?
Akatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Alumini tuliiuza kwa kilo. Wete wakaiyeyusha.
Lori nalo halikufa kwa moto:
chumvi ya hewani ililila chesi, kidogo kidogo,
kama panya wa dukani.

Bloki yake ipo mlangoni petu Machomanne,
watu wanne hawaisogezi.
Mjomba huikalia akivaa viatu.
Leo nimempikia uji katika sufuria mpya ya Wete;
sijamwambia nadhani imetoka wapi.
Akaonja. Kitu hiki, akasema,
huwahi kuchemka, huwahi kupoa.
Kisha akaninyooshea bakuli,
nimwongeze.