Uzi wa Altona

Mimi ndiye niliyewashona.
Jina langu halimo kwenye filamu, wala sikulidai.
Hamburg, mwaka sabini na mbili, fundi cherehani
alipokea kazi iliyobisha hodi; kodi ya nyumba haina haya.

Bwana Quast alitaka pacha walioungana nyonga.
Akapata Roswitha, mhudumu wa baa,
na Heidelore, aliyefukuzwa kiwanda cha samaki.
Hawakufanana hata kucha.
Akawavika nywele bandia za rangi ya siagi, akanigeukia:
"Irmtraud, damu ni nzito kuliko maji,
ila bajeti yangu ndiyo hayo maji. Tumia uzi."

Nikatumia uzi. Na gundi. Na kofia ya kuogelea
niliyoipasua, nikaipaka poda mpaka ikakubali kuwa ngozi.
Asubuhi niliwaunganisha,
jioni nikawafumua kwa wembe, pumzi nimeibana.
Kati ya hapo walikuwa mtu na nusu:
msalani pamoja, mmoja akihesabu nyufa za dari,
Roswitha akivuta sigara, Heidelore akikohoa.
Siku tatu hawakusemezana.

Ya nne, kitanda.
Chumba baridi kama bucha, na mwanamume wa sinema
akakataa katakata kuvua soksi.
"Tamaa!" akafoka Quast. "Nipeni tamaa!"
Mshono ukafumuka, trrr,
kama mtu aliyejisahau mezani.
Kimya.
Kisha wakacheka wale wawili, kicheko kimoja,
kutoka tumbo ambalo sikulishona mimi.

Siku ya mwisho niliwafumua mapema.
Kila mmoja akavaa koti lake.
Mlango wa studio ulikuwa wa mtu mmoja;
wakageuka ubavu, nyonga kwa nyonga,
wakapita bila kufikiri.

Filamu ilidumu wiki mbili, karibu na stesheni.
Nililipa, nikaketi kati ya makoti
yaliyofungwa vifungo hadi kooni.
Wao walitazama mapaja. Mimi nilitazama kiuno,
upande wa kushoto, ambapo zipu inametameta waziwazi
na hakuna aliyeguna.

Kile kicheko Quast alikikata.
Imebaki nusu sekunde tu:
midomo miwili inaanza kufunguka,
halafu treni, sijui ya nini, inapita gizani.

Kesho yake nikalipa tena,
kwa ajili ya hiyo nusu sekunde.