Fomu ya Mafunzo, Zamu ya Usiku

Karatasi imetoka kaunti, ina muhuri:
"Muuguzi, taja mafunzo unayohitaji."
Mistari mitatu ya nukta.

Nimeandika: mashine mpya ya kupumulia.
Nimeandika: gesi za damu.
Kisha kalamu ikagoma.

Kitanda cha pili, Bi Mwanashee wa Mkomani
leo anapumua mwenyewe.
Nikihesabu pumzi zake naona
juu ya kiwiko cha kushoto
alama nyeupe ya uzi uliokaa miaka.

Uzi niliukata mimi.
Usiku ule presha imeanguka,
natafuta mshipa, mshipa unanikimbia,
nami nina mkasi wa plasta mkononi.
Kifuko cha ngozi kikaingia ndoo ya njano
pamoja na pamba na sirinji.
Mshipa niliupata. Hilo nalo liandikwe.

Asubuhi Salha, bintiye, alisimama mlangoni,
ncha ya buibui kaishika kwa meno.
"Ya mamangu iko wapi?"
Nikamwonyesha ndoo, kwa kidole.
Heri angenitukana.

Mimi ni wa Kapsowar, kwenye ukungu.
Chuoni tulipimwa kunawa mikono,
kiganja, vidole, kucha, tena kiganja.
Mkono tutakaoushika ni wa nani,
swali hilo halikuwa na alama.

Na juzi, mrija ulipotoka kooni,
neno lake la kwanza baada ya siku tisa:
"Mai."
Nikamwita mfagizi: nitafutie yai, la kuchemsha.
Bwanaheri alicheka hadi ufagio ukamponyoka.
"Yai la nini, sista? Mai! Mai ya kunwa!"
Nikalowesha pamba, nikampangusa midomo.
"Yai?" akasema Bi Mwanashee, sauti imekwaruzika,
kisha akacheka naye,
na mashine ikapiga kelele,
haijui kicheko.

Kitanda tumekigeuza. Kibla hapa ni kaskazini,
upande wa dirisha la bohari.
Mpira wa oksijeni ulipungua dhiraa moja,
fundi akaunga, akinung'unika.
Jana Salha alileta uzi mwingine.
Nikauliza: tufunge wapi?
Akanitazama kwanza, kitambo.
Akachagua mkono usio na sindano,
akanipa mimi nishike ncha moja.

Sasa huu mstari wa tatu.
Niandike "utamaduni"?
Neno pana, halina pa kuchoma sindano.
Na wiki ijayo wakinileta mfugaji wa Kiorma,
au Mwaweer kutoka msitu wa Boni,
nitaanza tena na yai.

Chini kabisa wameuliza:
"Mkufunzi unayempendekeza, na cheo chake."
Bwanaheri, nikaandika. Mfagizi.

Bi Mwanashee amekohoa.
Nimeiacha kalamu juu ya nukta,
naenda na kikombe.