Singano

Kwao Muheza, singano ni sindano.
Kwa hiyo siku ya kwanza aliposimama mlangoni,
kuruta aliyenyolewa kipara, shati limemmeza,
nilicheka: "Leo sindano imemfuata fundi."
Hakucheka. Alinyoosha mkono.
"Punguza hapa. Mkubwa hapendi kuona mikunjo."

Mtoto wa mkata mkonge wa Kigombe,
vidole vilijua miiba kabla ya kujua bunduki.
Alilipa nusu. Nusu nyingine, alisema, mwisho wa mwezi.
Na mwisho wa mwezi akaileta,
sarafu tupu, zimefungwa fundo kwenye leso.

Barabara ya Tisa, Ngamiani, chumba kimoja,
cherehani yangu na kopo la Kimbo.
Humo niliweka kila tepe niliyoibandua
kwenye mikono ya askari waliopanda cheo.
Siwezi kutupa kitu kilichotolewa jasho.

Kisha vita. Malori yakapita usiku kwenda stesheni,
na mtaa ukakosa vijana wa kubeba jeneza.

Alirudi na mguu mmoja unaochelewa nyuma ya mwenziwe,
nishani kifuani, tepe mbili mkononi.
Vibarazani walishamaliza kusimulia:
daraja, rashasha,
watu kumi na mmoja aliowavusha.
Mimi nilipomuuliza alisema, "Buti zilibana."
Akaniachia shati nifumue hizo mbili, niweke tatu.

Nikaligeuza shati.
Tundu la kifungo mimi hulizungushia mishono kumi na minane.
Haya yalikuwa na kumi na miwili.
Sikuuliza. Fundi mdadisi hufa njaa.

Sajenti. Halafu ngao ya afisa mteule.
Halafu, mtu wa miaka thelathini na minne,
akaenda Monduli kukimbia na wavulana waliomwita Babu.
Akarudi na nyota moja.
"Naanza tena kuhesabu," alisema,
na akaomba mfuko wa ndani, wa daftari,
maana kozi ilikuwa na maneno mengi kuliko risasi.

Nyota mbili. Tatu.
Alipofika umeja akaacha kuja mwenyewe.
Alikuja dereva, nguo kwenye mfuko wa nailoni,
na karatasi yenye herufi kubwa:
BEGA LA KUSHOTO LIMELEGEA.
Hata salamu hakuna.
Niliudhika, sikatai. Nilimshonea vizuri, kwa hasira,
miaka kumi na kitu.

Mwaka jana, Ramadhani, watu wakitoka tarawehe,
aliingia akiinama, kanali mzima, mlango wangu mfupi,
koti la gwaride mkononi.
Keshokutwa anaagwa kambini.
Akakalia kigoda cha wanaosubiri.
"Lile kopo lipo?"

Nikalimwaga mezani. Kutu, vumbi la chaki,
tepe za watu ambao wengine nimewasahau sura.
Alipitisha kidole kama anayechambua mchele,
akaziokota mbili zilizoshikana.
"Hizi si zangu."
"Najua," nilisema.
Akanitazama mpaka nikashika mkasi bila kazi.

"Za Chilongani. Shati langu lililowa damu yake.
La kwake la akiba lilikuwa kavu, begini. Kulikuwa na baridi, fundi.
Kamanda akapita gizani, akaona tepe,
akaita: Koplo!
Nikaitika.
Wale kumi na mmoja walizifuata hizi.
Mimi kuruta, nani angenifuata?"

Nje dereva alipiga honi, kwa adabu, mara moja.

"Zishone kwa ndani. Chini ya nishani. Zisionekane."

Mkanda wa cherehani ukakatika nusu ya kazi.
Nikamalizia kwa mkono, karibu na taa,
mishono kumi na miwili kila upande,
kama alivyoshona fundi wa Mpwapwa nisiyemjua.

Akavaa. Akajipapasa kifua, upande wa moyo.
Akalipa nusu.
Nusu nyingine, alisema, mwisho wa mwezi.