Dirisha la Tatu

Wa kwanza aliandika kama mtu anayeniposa.
Aliniita mama mara sita katika aya moja,
akaniombea afya, akamwombea Toivo pepo,
na bei hakuigusa. Elfu sita na mia tano? Sawa.
Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.
Anayenunua kodiani huuliza
mavukuto yanavuja wapi.

Hundi ilifika Jumatano, karatasi nzito,
nembo ya benki, muhuri wa bluu,
imeandikwa elfu tisa.
Imezidi kwa bahati mbaya, akasema;
chenji mpe msafirishaji, taslimu, leo hii,
kijana yuko njiani anatoka Winnipeg.

Niliibana kwenye friji kwa sumaku ya samaki,
nikaitazama siku mbili
kama unavyomtazama mgeni
aliyeingia na viatu.
Elfu tisa zake zilikuwa wino.
Chenji tu ndiyo ingekuwa pesa.

Harleen wa benki aliniambia kwa simu:
Bibi Kivelä, kuonekana kwenye akaunti si kuingia.
Tarakimu zinaweza kukaa pale wiki mbili
zimekunja nne,
siku ya kuondoka zikaondoka na zako.

Wa pili alikuwa na sauti ya kokoto.
Rosaire Pelletier, wa Kapuskasing,
hakuniita mama. Aliuliza:
Kibonye kipi kinakwama?
Cha tatu toka juu, nikasema, kikipata baridi.
Akashusha bei dola mia mbili, nikapandisha hamsini.

Kisha nikamsomea masharti,
niliyoyaandika nyuma ya bahasha nisije nikalegea:
Nyumbani kwangu, hapana.
Benki, Jumanne, saa nne asubuhi,
si Ijumaa jioni watu wanafunga milango.
Karani wangu ataipigia benki yako
kabla sijakupa hata mkanda wa kubebea.

Nikameza mate.
Kumwambia mtu endesha saa saba kwenye barafu,
njoo, ila sikuamini,
kunachoma. Toivo angeona haya.
Toivo pia aliwahi kununua mashua yenye tundu.

Laini ikanyamaza. Nikasikia mbwa.
"Bibi," akasema, "mwaka juzi
niliuza pikipiki yangu ya theluji
kwa hundi nzuri sana.
Bado ninayo hundi."

Jumanne. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
Thunder Bay nzima inatoa moshi mdomoni.
Harleen, dirisha la tatu, aliipokea karatasi.
Namba ya simu iliyochapwa juu yake hakuigusa;
aliitafuta yake, kwenye orodha yake,
akapiga, akasubiri, akaandika kitu, akasubiri.

Dakika kumi na nne.
Tulikaa kwenye viti vya plastiki, magoti yakielekea saa ya ukutani,
tukizungumza habari za paa dume barabarani
kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji.

"Iko sawa," akasema Harleen. "Sasa ni zako."

Ndipo mpwa wangu Eero akaileta kutoka garini.
Tuliandika majina, tarehe, namba iliyo chini ya ubao,
na maneno haya: imeuzwa ilivyo, pamoja na kibonye chake.
Nakala mbili. Sahihi nne.

Rosaire hakupiga wimbo. Ni benki.
Alifungua mikanda, akavuta mavukuto polepole hadi mwisho,
akabonyeza ile swichi ya hewa kwa kidole gumba,
akayarudisha. Hakuna noti hata moja.
Pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyelala
upande wa pili wa kitanda.

Nikajifanya natafuta glavu.

Usiku nilihesabu tena stakabadhi, zote zipo.
Nyumba ilikuwa inasikika jokofu tu.
Simu ikawaka mezani. Yule wa kwanza:

Mama, mbona kimya?