Watoto wa Žofka

Daktari Hruška alikiweka kizazi cha Žofka
kwenye sahani ya bati, akaniuliza kama nataka kukiona.
Nikasema sitaki. Nikakiona.
Kidogo, chekundu, chenye panda mbili
kama mti wa manati.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi, Ostrava inanuka makaa.
Mwezi wa kumi na mbili nyuzi zilishatoka,
manyoya ya tumbo yameota mafupi, ndevu za siku mbili.
Nikarudi kutoka zamu ya usiku, nikakuta
zulia la jikoni limefukuliwa chini ya meza
na Žofka kajikunja juu yake
ananitazama kwa jicho la mwenye nyumba.

Alikuwa na watoto wanne:
kalunguyeye wa mpira, anayelia akibanwa;
bata wa kitambaa, chongo;
soksi yangu ya sufu, ya mguu wa kushoto;
na glovu nyekundu ya Bi Otýlie wa ghorofa ya tatu,
sijui aliiokota wapi.
Hiyo aliilamba kidole kimoja kimoja
kana kwamba ndani yake mna watano zaidi.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi,
kazi ni kulea mwana.
Žofka aliiruka ile isiyo kazi.
Siku mbili hakugusa bakuli.
Mimi nilikula nimesimama, karibu na sinki,
maana meza imekuwa wodi ya wazazi
na mlinzi wake ananguruma.

Theluji ilipoporomoka kutoka paani, puu!
aliwahamisha wote hadi kabatini,
mmoja mmoja, kwa ncha za meno,
kisha akarudi mara ya tano, mdomo mtupu,
kuhakikisha hajamwacha mtu.

Na chuchu moja, ile ya nyuma, ikadondosha tone la maziwa.

"Ni homoni," Hruška akasema kwenye simu.
"Mwili haujapata habari. Vifiche. Mtembeze sana."
Barua imeshatumwa, nikawaza,
posta ya damu ndiyo inayochelewa.

Yeye alisema *vifiche*.
Mimi, alfajiri, niliwaficha.
Ndani ya mashine ya kufulia,
na kwa kuwa walinuka mate, nikaiwasha, digrii arobaini.

Sikumsikia akija.
Aliketi mbele ya kile kioo cha mviringo
saa nzima na dakika kumi na tano.
Bata akipita, masikio juu.
Povu likimmeza, masikio chini.
Ngoma ilipoanza kukimbia na wote wakawa rangi moja
aliinua mguu wa mbele, akauweka juu ya kioo,
akauacha hapo.

Kituoni, Radim alicheka hadi akamwaga chai:
mbwa wako ni mjinga kweli!
Nami nikacheka.
Kisha nikapanda tramu yangu ya mwisho
ambamo, tangu msimu uliopita wa baridi,
kiatu kimoja cha mtoto kinakaa juu ya dashibodi,
na kila fundi anayetaka kukitupa
namwambia mwenyewe atakuja.

Niliwaanika juu ya bomba la joto.
Žofka akalala chini yao, matone yakimdondokea usoni,
hakupepesa.

Jumapili Bi Otýlie aligonga mlango.
Alikuwa amesikia, akasema, kwamba glovu yake iko kwangu;
mkono mmoja umevaa, mwingine umepasuka kwa baridi.
Nikamwonyesha kabatini. Nikaanza kuomba radhi,
nikaanza na habari ya homoni.
Yeye hakunisikiliza. Aliinama, goti likalia,
akatazama muda mrefu.
Žofka hakunguruma.

Kisha akaivua ile iliyobaki,
akailaza taratibu kando ya mwenzake.
"Huyu ni pacha," akasema.
"Usiwatenganishe."

Nje ilikuwa digrii kumi na moja chini ya sifuri.
Alipanda ngazi zake, mikono mfukoni.