Doa la Zabibu

Kamati ilikaa Jumanne, baa moja ya Sinza.
Mwenyekiti akachora mstari kwenye daftari:
mapambo yapunguzwe, vinywaji visiguswe.
Nikanyamaza. Nimeshazoea.
Harusi ya Dar huanza kwa kunipunguza mimi.

Ila Mzee Mwakalobo, baba wa binti,
alinifuata nje kwenye kirikuu changu,
akanikunjia noti kiganjani kama mtu anayetoa siri:
"Atupele anataka dari lote liwe jeupe.
Usimwambie mwenyekiti."

Basi nikashuka Kariakoo maduka yakifunguliwa,
nikapima shifoni kwa mkono wangu, si kwa mkono wa muuzaji,
mita sitini, nyeupe ya maziwa.
Nyeupe ziko nyingi: ya chaki, ya mchele, ya meno;
asiyejua hununua yoyote, halafu picha zinamsuta.

Ule ukumbi wa Tabata una nguzo nne zilizomenyeka
na feni inayogoma kuzimika.
Nguzo nikazivisha. Feni nikaifunga kwa kamba ya katani.
Kibwana akashinda juu ya ngazi, pini tano mdomoni,
akinisimulia mechi ya jana hivyohivyo, na pini zake.
Saa kumi na mbili jioni tukawasha taa,
na pale hapakuwa tena pale.

Mzee aliposimama kuhutubia,
glasi yake ya soda ya zabibu ilitangulia kutetemeka.
Akasema, "Mwanangu," akakwama.
Akasema tena, "Mwanangu,"
na soda ikamalizia hotuba
juu ya pazia langu, nyuma ya meza kuu.

Vigelegele. MC akasema hizo ni baraka.
Mimi nilikuwa mlangoni, nahesabu vifuniko vya viti kwa macho,
nikajisemea: hilo halitoki.

Halikutoka.
Nilililoweka kwa jiki, kwa limau, kwa chumvi,
kwa maziwa mgando aliyonishauri mama wa jirani.
Tangu hapo kila Jumamosi
naikunja shifoni, doa ndani, napiga pini mbili juu yake.
Limehudhuria harusi ishirini na saba,
kipaimara, mahafali ya chekechea,
na uzinduzi wa duka la vipuri Tandika
(walitaka nyeupe; sikuuliza).
Hakuna aliyeliona. Ndiyo kazi yangu hiyo,
kujua pa kuficha.

Juzi simu ililia nikiwa napiga pasi.
Namba nilikuwa nimeihifadhi "Bi Harusi Tabata."
"Dada, ni Atupele. Baba..."
Akakwama palepale alipokwama yeye.

Kamati safari hii ilikaa chini ya turubai, dakika kumi,
na hakuna aliyepunguza kitu.
Ankara sikuandika. Ningeandika nini,
wakati ile noti yake ya siri
ilinunua mita kumi za hii hii shifoni?

Leo asubuhi, Yombo, uani kwao.
Wanawake wanachambua mchele, sufuria zinagongana,
mtoto kalala juu ya rundo la khanga.
Shangazi mtu akaniambia, "Nyeupe,
na zambarau kidogo, kama unayo."

Ninayo.

Kibwana akapanda ngazi, pini mdomoni, hasemi.
Nikaishika shifoni, vidole vikaenda vyenyewe kukunja,
vikaanza kutafuta pa kuficha.
Nikavizuia.
Nikaiacha ianguke wazi, kushoto kwa picha yake,
picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka macho yamepauka.

Atupele alikuja na birika la chai, akasimama.
Akaliangalia. Akaweka kiganja juu yake;
kiganja kilitosha.
"Kumbe halikutoka?"
"Halikutoka."
"Afadhali," akasema, akaenda kumimina chai.

Kibwana akatema pini moja.
"Dada, nivute kidogo, lizibwe?"
Nikamwambia, acha.
Shuka, upande huu umekwisha.