Kaburi la Tano

Tuliondoka Chumbageni saa moja na robo asubuhi,
baiskeli nne za kukodi, moja haina breki,
mbele yetu Kihiyo, shati lake la mifuko sita,
na kila mfuko, alisema, una kazi yake.

Tulikuwa watatu: mimi,
Bi Nakijwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, kutoka Same,
na Navoneiwa mjukuu wake, miaka minane,
amekaa nyuma ya kiongozi, amekumbatia chakula chetu.

Tongoni hatukukaa.
"Wengi huishia hapa," alisema Kihiyo,
"hupiga picha nguzo, hunywa soda, hurudi mjini.
Leo nawapeleka kwa wafu wasio na wageni."

Tukakata kulia, tukaingia katani.
Bi Nakijwa alihesabu mistari mpaka mia na arobaini,
kisha katani ikaisha, hesabu ikazama kwenye magugu,
na mawe yakaanza kuonekana:
matumbawe, chokaa, mzizi uliopasua ukuta
taratibu, kama mtu anayefungua barua si yake.

Kaburi la kwanza, Kihiyo alivua kofia.
"Shee Mwinyimvua. Alikopesha mji mzima mtama,
akafa bila kumdai mtu."
Nasi tukavua kofia.

La pili akasimama wima, akakohoa, akaghani:

*Hapa kalala binti, mahari aliyekana,*
*Akaishi kwa shuruti, za moyo wake, si bwana,*
*Dhahabu wala senti, hakuzitaka kuona,*
*Leo kaburile kiti, mijusi waota jua.*

"Senti?" akauliza Bi Nakijwa. "Enzi zile?"
"Ni kwa ajili ya vina, mama."

La tatu alilala mpima dhahabu, mizani yake haikudanganya.
La nne mkwewe, ambaye alidanganya.
Kwenye ukuta, vishimo vya mviringo:
palikuwa na bakuli za China, za samawati,
zikabanduliwa moja moja,
na sasa ukuta unatutazama kwa matundu ya macho.

Bi Nakijwa alikuwa ameketi, anaandika vumbini kwa kijiti.
"Kijana. Kwa miaka uliyotutajia,
mkwe amezaliwa karne mbili kabla ya baba mkwe."

Kimya. Nyuki mmoja akapita
akiwa na shughuli zake.

"Majina nimetunga mimi," alisema Kihiyo.
"Yote. Nilikuja hapa mwaka wa kwanza na watu kumi na wawili,
nikawaambia ukweli, kwamba hatuwajui.
Walikanyaga. Mmoja alikalia kaburi akala yai.
Mtu hawezi kuliheshimu jiwe, mama.
Mpe jina, atavua kofia."

Bi Nakijwa alifuta hesabu yake kwa kiatu.

La tano lilikuwa pembeni, chini ya mkwaju mchanga,
halina nguzo, halina tundu la bakuli.
Mwalimu alinyoosha kiganja, akapima:
shubiri nne, na vidole viwili.
Tulisubiri jina.

"Na huyu?" aliuliza Navoneiwa.
"Huyu sijamtungia."
"Kwa nini?"
"Nilijaribu. Kila jina nililoshika
lilikuwa la mtoto ninayemjua."

Tulikula mihogo mbali kidogo, tumeyapa makaburi mgongo,
bila kuambiana kwa nini.

Kurudi, ile isiyo na breki nilipewa mimi.
Mteremko mmoja nilitaja kila mtakatifu wa mama yangu.
Jioni, mbele ya duka la baiskeli,
Kihiyo alifungua mfuko wa sita: daftari la wageni,
safu ya jina, safu ya utokako.

Niliandika langu. Navoneiwa akaandika lake,
herufi kubwa, ulimi nje,
kisha akaruka mstari mmoja
na kumpa bibi yake kalamu.

Bi Nakijwa, aliyewachapa watoto miaka thelathini na mitatu
kwa kupoteza karatasi,
alitazama ule mstari mtupu,
akaanzia chini yake.